Mutu Mwenye Kutafuta Nyumba ya Maua

Sinywi pombe. Naanza hapo kwa sababu kila nikimsimulia mtu habari hii, swali lake la kwanza ni hilo, na la pili ni kama nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya milima ya Kongo, barabarani watu wanapita na mizigo yao, na mi nimesimama mbele ya parseli yetu, kiwanja cha nyumba yetu, panga mkononi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Naishi Ngagara, hapa Bujumbura, kwenye mtaa wa zile nyumba za zamani zilizojengwa zote kwa mara moja. Kama hujafika, nikuambie tu kwamba nyumba zote ni pacha. Mlango uleule, dirisha lilelile, ukuta wa mbele uleule. Niliolewa humo. Mume wangu Feliksi ni mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa Dezire, na huyo mi sikumkuta, alipotea ziwani kabla sijaijua familia hii. Sura yake niliijua kwa picha moja tu ya sebuleni, ya siku ya kipaimara, bado mtoto, amevaa shati jeupe, amefumba macho kwa sababu ya jua.

Dezire alianza kazi bandarini, akibeba mizigo, halafu akapanda kwenye meli zinazokwenda Kigoma na Kalemie. Akiondoka, ni majuma. Safari moja alirudi giza limeshaingia, amechoka, na wanasema pia alikuwa amekunywa kidogo, akaingia nyumba isiyo yake. Akavua viatu, akakaa mezani, akaanza kula wali wa watu. Mwenye nyumba alipotoka chumbani na fimbo, Dezire akamwuliza yeye ni nani na anatafuta nini kwao. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Watoto wakimwona wanamwuliza kama ameshiba.

Kwa watu wengine ingekuwa hadithi ya kuchekesha kwenye harusi, basi. Dezire aliona haya sana. Alimwapia mama yake kwamba hataingia tena nyumba ya watu maisha yake yote. Akaenda kuomba kipande cha bugenvilia kwenye nyumba moja ya wakubwa kule Kiriri, yale maua ya zambarau yenye kupanda ukuta, akakichomeka kwenye kona, upande wa barabara. Alimwambia mama yake, "Sasa sitapotea tena." Haya maneno Mama, yaani mama mkwe wangu, alinirudia mara nyingi, tukichambua mchele, tukifua, tukiwa tumekaa tu.

Halafu meli moja ikaondoka na sukari, upepo ukaipiga, ikazama. Miili mingine iliokotwa upande wa Kongo. Wa Dezire haukuonekana.

Sasa sikiliza jambo la kwetu. Hapa Burundi kilio kina mwisho wake. Mnazika, mnakaa chini pamoja, baada ya siku chache mnakipunguza, na baada ya mwaka hivi mnafanya siku kubwa ya kukimaliza, siku ya kuganduka. Mnakodi hema na viti, mnaleta bia na soda, padri anasali, mkubwa wa familia anasimama na kuongea. Ikiisha hiyo, imeisha. Nyumba inaweza kucheza ngoma tena, inaweza kupokea mahari. Kabla ya hapo, mkifanya sherehe, watu watawasema mpaka kanisani.

Mama mkwe wangu alikataa siku hiyo. "Nigandukie nani?" alikuwa akisema. "Mi nimezika nani?" Na utamjibu nini mtu kama huyo? Miaka ikapita. Feliksi akanioa kimyakimya, bila ngoma. Na bugenvilia ikaendelea kukua, hakuna wa kuigusa. Mama hakuruhusu hata tawi moja likatwe. Ilipanda ukuta, ikaupita, ikarudi chini upande wa pili, ikashika nyaya za umeme. Shina lake lilikuwa nene kuliko paja langu, na mi si mwembamba. Ukiwa barabarani huoni nyumba, unaona zambarau tu. Watu wakielekezana walikuwa wakisema: fika kwenye maua, halafu kata kushoto.

Aliyekuja kuvunja yote haya ni baba mdogo wa mume wangu. Simchukii. Binti yake alikuwa amepata mchumba, kijana mzuri, na mahari haikuweza kupokelewa kwenye familia yenye kilio kisichoisha. Akaja siku ya Jumapili, akakaa sebuleni, akaweka kofia kwenye goti.

"Shemegi," alimwambia Mama, "imetosha. Mutoto wangu anazeeka kwa sababu ya mutu mwenye hayuko tena. We unangojea nini?"

Mama alikuwa anakunja kitenge chake, anakunjua, anakunja. Mwisho akasema, "Fanyeni." Neno moja tu, na kila mtu akapumua. Mi pia nilipumua, nisikudanganye, nilikuwa nimechoka kuishi kwenye nyumba isiyocheka.

Siku ya kutengeneza parseli, baba mdogo alisimama mbele ya ukuta akashika kiuno. Alisema hawezi kuketisha wageni chini ya pori lile. Kuna nyoka mule, ukuta umepasuka, nyaya zitaungua siku moja. Yote yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyonichosha zaidi baadaye, kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Akaleta mtu wa kukata na ngazi. Feliksi akapanda upande mmoja, yule mtu upande wa pili, na mi chini navuta matawi kupeleka barabarani.

Umeshawahi kuvuta bugenvilia? Ile miiba haichomi tu, inashika, na ukivuta mkono inakufuata. Ndani kulikuwa na matawi makavu ya miaka yote, viota, mifuko ya plastiki, sandali ya mtoto, mpira uliooza. Vumbi lilitoka humo kama tumebomoa nyumba. Walikata kuanzia juu kushuka, na kila walipokata, ukuta ulionekana, mweusi, wenye alama za mizizi. Shina walilikata kwa shoka. Baba mdogo akasema ling'olewe lote na mizizi, kwa sababu bugenvilia ukiiacha kidogo inarudi. Wakalichimba, likatoka. Kabla ya alasiri kuisha, ukuta ulikuwa umepakwa chokaa, mweupe, safi, sawa kabisa na ukuta wa jirani wa kulia na wa jirani wa kushoto.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Aliuliza swali moja. "Mutu akija, atajuaje?"

Baba mdogo alikuwa ananawa miguu. "Nani atakuja, shemegi?" alisema, tena kwa upole. Mama akaingia ndani.

Basi wanaume wakaenda kufuata viti na hema. Mama yuko jikoni. Mi nimebaki nje peke yangu, nakata yale matawi marefu vipande vipande ili yaingie kwenye mkokoteni. Mikono imechanika, nina hasira na kila kitu. Ndipo nikasikia mtu ananisalimu nyuma yangu.

"Amahoro, mama."

Nikageuka. Ni kijana, labda miaka ishirini na mitano, mrefu, mabega ya mtu wa kubeba mizigo. Shati la buluu, suruali imekunjwa. Mtu wa kawaida, niamini, sikushtuka hata kidogo. Jambo moja tu ndilo lilinishangaza. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na hapo tulikuwa Julai, mvua hatujaiona tangu Mei, barabara yote ni vumbi.

"Amahoro," nikasema. "Tukusaidie nini?"

"Niko natafuta nyumba ya maua. Iko mu mtaa huu. Nimepita mara mingi, siioni."

Nikacheka kidogo, nikamwonyesha lundo miguuni pangu. "Ni hapa. Maua ndiyo haya, tumekata leo."

Aliangalia lundo, akaangalia ukuta. Aliuangalia muda mrefu, kutoka kona hii mpaka kona ile. Uso wake ulikuwa na adabu, uso wa mtu anayeona umekosea lakini hataki kukuaibisha.

"Apana, mama," akasema. "Si hapa. Kwetu mi napajua. Kwetu ukuta hauonekane."

"Nakuambia ni hapa. Unatafuta nani? Ingia uulize, mwenye nyumba yuko ndani."

Akarudi nyuma, haraka, kama nimemwonyesha mbwa. "Apana. Siingie tena nyumba ya watu. Nilishaona haya mara moja, inatosha." Akanishukuru, akashuka na barabara, anaangalia kuta za kulia na za kushoto. Mi nikarudi kwenye matawi yangu. Nilikuwa nafikiria mkokoteni, sikufikiria kitu kingine.

Ng'ambo ya barabara kuna mama anauza ndagala, dagaa wa ziwani, mezani, kila siku. Akaniita. "We, unaongea na nani peke yako? Jua limekupiga?" Nikamwambia naongea na yule kijana. "Kijana gani?" akasema, na alikuwa ananiangalia vibaya.

Nikaingia jikoni kunywa maji. Mama alikuwa anakatakata mboga za lengalenga. Nikamsimulia, ili nimchekeshe tu, kwamba kuna mtu kaja kutafuta maua na maua yenyewe anayakanyaga. Nikafika kwenye lile neno la nyumba ya watu. Kisu kikasimama.

"Rudia," akasema Mama.

Nikarudia. Na nilipokuwa narudia ndipo na mi nikasikia ninachosema. Ile hadithi ya wali niliisikia mara ngapi katika nyumba ile? Mama hakuniuliza sura wala nguo. Aliuliza, "Alienda wapi?" akakimbia bila viatu. Tulishuka mpaka barabara kubwa inayokwenda upande wa viwanda, Zone Industrielle, na bandari. Hakukuwa na mtu. Mama akasimama pale kati ya malori, anaita jina, na malori yanampigia honi.

Baba mdogo aliporudi na viti alisema ni mwizi. Wezi, alisema, hupita kupeleleza nyumba yenye sherehe. Wageni wameshaalikwa, padri ameshakubali, haiwezekani kurudi nyuma kwa sababu ya mpita njia. Kesho yake tukafanya siku kubwa. Hema lilipendeza, ukuta mweupe ulipendeza, watu walisifu. Baba mdogo akasimama akasema kwamba leo familia inamwachia Dezire aende kwa amani. Mi nilikuwa nimeshika mkono wa Mama, na ulikuwa baridi. Kwenye viti vya nyuma watu walikuwa tayari wanacheka na kuongea mambo yao, na ndivyo inavyotakiwa siku hiyo, kwa kuwa kilio kimeisha.

Wageni walipoondoka, vijana wa kukodisha viti wakiwa bado wanapakia, Mama alichukua kiti kimoja akakiweka nje, pale penye shimo la shina. Akakaa. Mi nikasimama mlangoni, namwangalia.

Alikuja saa ileile. Nilimwona anapandisha na barabara, anachungulia kila geti. Vijana wa viti walipita karibu naye kabisa, hawakumpisha. Mama alimwona. Najua alimwona kwa sababu alinyosha mikono yote miwili kwake. Yeye akaja akainama mbele yake kwa heshima, kama tunavyowasalimu wazee.

"Amahoro, muzee. Samahani, niko natafuta nyumba ya maua."

"Ni hapa, mwanangu," Mama akasema. "Umefika. Kaa, nikupe maji."

"Asante. Maji nimekunywa ya kutosha."

"Dezire. Ni mi, mama yako."

Akamwangalia. Mungu wangu, namna alivyomwangalia. Kwa huruma, ile ya kumwonea mzee aliyechanganyikiwa. Mama alipompoteza hakuwa na mvi hata moja, na alikuwa mnene, kila mtu anasema hivyo. Ile miaka ya kungoja ilimkausha, ikambadilisha yote, mpaka meno.

"Pole, muzee," akamwambia. "Mi natafuta mama yangu." Akamgusa begani, akaondoka. Begani pa Mama palibaki maji, nilipapangusa kwa kitenge changu mwenyewe.

Tangu siku ile Mama alifanya kazi moja tu. Alifukua kwenye lundo, kabla halijachukuliwa, akatafuta vijiti vilivyokuwa bado vibichi, akavichomeka kwenye makopo. Vingi vilikauka. Kimoja kikashika. Akakipanda kwenye shimo lilelile, akakifungia kamba, akakimwagilia asubuhi na jioni hata siku ambazo maji ya mfereji hayatoki na tunachota mbali. Baba mdogo hakuthubutu kusema neno. Nafikiri yeye pia alikuwa ameanza kuogopa, maana aliacha kuja.

Lakini mmea una mwendo wake. Huwezi kuuharakisha, nilimwona Mama akijaribu, anauvuta kwa vidole, anauongelesha. Ulipofika nusu ya ukuta, Mama hakuweza tena kutoka nje, tukawa tunamfungulia dirisha. Dezire alikuwa bado anapita, si kila siku. Nilimwona, nikimwita hageuki, au anageuka ananijibu yaleyale. Mama alikuwa akiniuliza kutoka kitandani, "Yamefika juu?" Mi namdanganya, namwambia bado kidogo tu.

Alikufa yakiwa bado kidogo tu. Tukamzika vizuri, na baada ya mwaka tukamfanyia siku yake yote, bila kukosea kitu.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa nyingi. Bugenvilia ikalipuka. Ikapita ukuta, ikaangukia barabarani, zambarau tupu, watu wakaanza tena kuelekezana kwa kutumia maua yetu. Siku moja, saa kumi na moja, nasikia geti. Nilidhani ni Feliksi. Kumbe ni Dezire. Aliingia anacheka, sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile. Akavua viatu mlangoni, maji yakatoka ndani ya viatu, akapita mbele yangu akaenda moja kwa moja chumbani, anaita, "Mama! Nimefika!"

Utafanya nini wewe? Niambie. Nilimfuata. Alikuwa amesimama mbele ya kitanda kitupu, bado anatabasamu. Akaniuliza, na nadhani ananichukua kama mfanyakazi wa nyumbani, "Mama ameenda wapi?"

Nikasema, "Ameenda soko."

"Sawa," akasema. "Namungoja." Akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha.

Hilo ndilo jibu nililotoa, na tangu hapo ndilo ninalotoa. Anakuja, anauliza, namwambia soko, au kanisani, anangoja mpaka giza, halafu hayupo. Feliksi hamwoni, lakini kiti anakiona kimelowa, na mbao zake za chini zimeanza kuoza. Padri alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka, akaniambia niombe. Naomba. Nilimwuliza kwa nini hawa wawili hawakutani huko waliko, kama wote wamekufa. Akasema niendelee kuomba. Mi nina jibu langu, nalo silipendi. Mama alizikwa, kilio chake kikafungwa vizuri, akaenda. Huyu hajui kwamba amekufa. Nikimwambia mama yake amekufa, nitakuwa nimemwambia yote mawili, kifo cha mama na chake.

Kuhama hatuwezi, nani atamjibu? Kukata maua hatuwezi, atarudi barabarani. Juma lililopita aliniuliza kama Mama amemkasirikia kwa kuchelewa. Nilisema hapana. Sauti haikutoka vizuri, na nafikiri hakuniamini.

Kwa hiyo wewe mwenye mtu ambaye hakuonekana, awe alipotea ziwani, msituni, popote, sikiliza. Mama yake akiwa bado anangoja, mwache angoje. Usimwambie imetosha. Usikate mti, usibadilishe rangi ya geti, usisogeze hata jiwe la kukanyagia, hata kama sababu zako zote ni za kweli. Hujui ni kitu gani anachotumia kutafuta njia. Na hawa wenye kungoja hawana muda mrefu kama unavyodhani.

Mi nainuka sasa, inakaribia saa kumi na moja. Asipokuta mtu wa kumjibu, anaanza kumwita Mama, chumba kwa chumba.